Tulou kwa Walio Chini ya Lami

Kisiwa kizima cha Funafuti kinamjua Alefaio, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akipanda ndege. Yeye ndiye mpiga king'ora wa uwanja wa ndege. Ndege ya kutoka Suva, mji wa ng'ambo ya bahari, ikikaribia, watu wa redio humpa ishara, naye hupiga mara ya kwanza ili vijana wang'oe nyavu zao za voliboli na wazee wakunje mikeka. Hupiga mara ya pili kwa ajili ya wenye pikipiki wanaojifanya hawakusikia ya kwanza. Halafu gari la zimamoto hupita lami yote ya njia ya ndege likifukuza mbwa. Ndege ikishaondoka, lami hurudi mikononi mwa wenyewe, maana nchi ni nyembamba, na ukitafuta mahali pengine pa kutandika mkeka upate upepo utajikuta umeingia baharini.

Ni mtu mrefu, mrefu kuliko milango yote ya kijiji chao cha Vaiaku, na urefu huo umemtia alama nyingi kwenye paji la uso. Hana maneno mengi. Ila ana jambo moja lililompa jina kisiwani, na wengine humwita kichaa kwa sababu hiyo, ingawa si mbele yake.

Kwao mtu hapiti mbele ya watu waliokaa akiwa amenyooka kama mlingoti. Huinama, akashusha mkono mmoja chini, akasema "tulou", yaani niwieni radhi napita, na waliokaa wakamruhusu. Mtoto asiyejua kusema tulou hulaumiwa mama yake. Sasa bibi yake Alefaio, Milikini, alikuwa msichana wakati wa vita, Wamarekani walipokuja na matingatinga yao, wakaangusha minazi, wakafukia mashimo ya kulimia magimbi kwa matumbawe na kusawazisha njia ya ndege. Milikini alishikilia mpaka anakufa kwamba makaburi ya ukoo wao yalikuwa palepale, kando ya shimo lao la magimbi, na kwamba hakuna aliyewauliza waliolala kama wangependa kuhama. Mjukuu wake alipopata kazi ya king'ora, alimwita akamkalisha.

"Sasa wewe ndiye mfungua mlango," alimwambia. "Ndege ni mgeni asiye na adabu. Inawapita wazee juu ya vichwa, tena kwa kelele. Iombee radhi, mjukuu wangu. Neno moja tu, halitakuvunja mgongo."

Basi kila ndege, akishapiga king'ora cha pili, Alefaio hushuka kwenye gari la zimamoto, hugeukia sehemu ile ya lami inayotazamana na ukumbi wa mikutano, huukunja urefu wake wote, na kusema tulou. Mwanzoni alifanya kumridhisha bibi. Bibi akafa, akaendelea kwa kuogopa kuacha. Miaka ikapita, ikawa kama kufunga vifungo vya shati.

Mkewe, Temukisa, hakumcheka hata siku moja kwa hilo. Lakini alikuwa na utani wake. Alefaio akipita mbele yake nyumbani, yeye amekaa na mkeka anaousuka mapajani, lazima ainame na kusema tulou, hata kama wamo wawili tu. Naye Temukisa, bila kuinua macho, humjibu: "Pita, mnazi. Usituangushie nazi." Mbele ya wageni humjibu kwa adabu kama wake wengine. Neno la mnazi lilikuwa la ndani, kama mengine yaliyokuwa ya ndani.

Aliyecheka alikuwa Selepa, mdogo wake Temukisa. Dada hawa wawili walifanana kitu kimoja tu, sauti. Kwenye simu hata mtoto wa Temukisa mwenyewe, Elisala, aliyeko Auckland, alikuwa akianza kwa kuuliza, "Huyu ni mama au mama mdogo?" Mengine yote mbalimbali: Temukisa mpole, Selepa mdomo kama wembe. Nyumba yake iko ng'ambo ya lami, na kila siku huikatiza akiwa wima, kandambili zikipiga pa, pa, pa.

"Shemeji," humtania Alefaio, "leo lami imekujibuje? Imeuliza hali za watoto?"

"Wewe pita tu, Selepa."

"Napita. Mimi sihitaji ruhusa ya barabara."

Kisha Temukisa akaanza kuugua moyo. Akawa hawezi kumaliza mkeka, halafu hawezi kumaliza sentensi. Hospitali ya kisiwani ikasema apelekwe Suva. Siku ya safari Alefaio alimwomba mwenzake wa zimamoto, Teimana, ampigie king'ora, ili yeye amsukume mkewe mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu. Temukisa alivishwa taji la maua kama wasafiri wote, na kama wasafiri wote akapimwa uzito pamoja na mkoba wake.

"Niandikeni vizuri," aliwaambia wa mizani kwa pumzi ile fupi. "Nikirudi nimenona, mseme ni chakula cha Suva, si cha mume wangu."

Watu wakacheka. Alefaio pia alicheka, lakini mikono yake ilikuwa imekishika kiti kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Mlangoni pa kutokea, mkewe alimvuta shati ili ainame.

"Nikifia kule usiniache nizikwe kilimani," alisema. "Sijazoea kulala mahali pa juu. Nirudishe nilale nyumbani, nisikie bahari pande zote mbili."

"Utarudi kwa miguu yako, uje unigombeze."

"Sema ndiyo, Alefaio."

"Ndiyo. Nitakurudisha."

Akasimama uzioni akipunga mkono. Hakuujua upande aliokaa mkewe, kwa hiyo aliyapungia madirisha yote. Ndege ikakimbia, ikapita mkabala na ukumbi, magurudumu yakaachana na ardhi, na hapo ndipo baridi ilipomwingia mwilini juani. Tulou haikusemwa. Teimana alipiga king'ora, akafukuza mbwa, akamaliza kazi yake kama inavyoandikwa, na neno lile halikuwa kazi yake. Alefaio aliinama palepale uzioni na kulisema, lakini mkewe alikuwa ameshapitishwa juu ya vichwa vya wazee wake bila kuombewa radhi, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kabla mwezi haujaisha, Elisala alipiga simu kutoka Suva. Alikuwa amefika kumuuguza mama yake akamkuta anaaga dunia.

Huko kwao mtu huzikwa uani, karibu na mlango, ili aendelee kusikia watu wanavyogombana. Wanaume wakachimba kaburi upande wa baharini wa nyumba, wakalijengea kingo. Wanawake wakaleta mikeka. Ndege ikaja, Alefaio akapiga king'ora kwa mkono wake, akasema tulou kwa sauti mpaka Teimana akageuka kumtazama. Mlango wa mizigo ukafunguliwa: mchele, matairi, maboksi ya dawa. Sanduku la Temukisa halikuwemo. Upepo ulikuwa wa mbele siku ile, ndege ikabeba mafuta ya ziada, na mzigo mzito ukabaki. Hakuna wa kumlaumu. Alefaio aliwashukuru walioeleza, akarudi nyumbani kulitazama kaburi lililokuwa wazi.

Ndege iliyofuata sanduku lilipakiwa. Elisala alituma ujumbe: tumo ndani, baba, tunakuja. Watu wakajaa uwanjani wamevaa nguo za kanisani. Alefaio akapiga king'ora, akasema tulou mara mbili. Mvua ikatoka upande wa bahari kuu kama pazia lililovutwa, ikafunika ncha ya kisiwa, kisha ukumbi, kisha kila kitu. Ngurumo za ndege zikasikika juu, zikazunguka. Zikazunguka tena. Halafu zikaanza kufifia kuelekea kusini, na kila mtu akajua kwamba ndege inarudi Suva.

Alefaio alikuwa amesimama kichwa wazi mvuani. Mkewe alikuwa amempita juu ya kichwa, karibu kiasi kwamba aliusikia mtikisiko kwenye meno, na sasa alikuwa anapelekwa mbali. Alijihisi kama mtu aliyefungiwa mlango na watu anaowasikia wakiongea ndani.

Selepa alikuja akasimama kando yake, maji yakimchuruzika. "Dada amekupita kichwani bila kuomba radhi," alisema, na ile sauti yake, sauti ya Temukisa, ilitetemeka. "Hizo si tabia zake, shemeji."

Jioni Elisala alipiga simu. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimfanya aseme wazi. "Baba, kazini wameniruhusu kungoja ndege moja tu zaidi. Ikishindikana, wachungaji wa hapa wametupa mahali. Pazuri, kilimani. Unaona mji wote."

"Kilimani," Alefaio alisema.

"Baba, mama hatajua."

Alefaio aliikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanawe. Tangu hapo hakulala vizuri wala hakukaa vizuri. Akisinzia mchana alisikia king'ora, akikurupuka hakuna anayepiga. Akitembea juu ya lami alihisi nyayo zake zikitazamwa kutoka chini. Na bahari, ambayo miezi ile hupanda hata ikatokeza katikati ya ardhi, ilikuwa imeanza kupenya kaburini. Kila asubuhi kulikuwa na maji ya chumvi kwenye shimo la Temukisa, yametulia, yakionyesha mawingu. Wazee walimwambia kwa upole kwamba kaburi si kitu cha kuachwa wazi muda mrefu. Alijua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hili lilikuwa linamwadhibu aliye hai.

Siku mbili kabla ya ndege ile ya mwisho alimwambia Selepa. Alimkuta anapara samaki, akakaa kizingitini, akaeleza yote: kiti cha magurudumu, Teimana, neno lililosahaulika. Alingoja kuchekwa. Angekuwa radhi achekwe, maana jambo linalochekwa huwa dogo.

Selepa aliendelea kupara mpaka samaki akaisha magamba.

"Mimi siamini mambo haya," alisema. "Unanijua."

"Nakujua."

"Lakini hata kama ningekuwa naamini, wewe ndiwe mjinga. Umewakosea watu kwao, halafu unasimama barabarani unawapigia kelele 'samahani, samahani'. Nani husamehe hivyo? Mtu aliyekosea huenda kwa wenyewe na chakula, akakaa chini."

"Nikakae juu ya lami na chakula?"

"Kwani nani jioni hakai juu ya lami na chakula? Utaonekana kama watu wengine wote. Kwa mara ya kwanza."

Basi jioni walitandika mkeka mkabala na ukumbi wa mikutano. Selepa alipika magimbi ya shimoni kwa tui la nazi, akaoka yule samaki, akaleta na madafu. Huku na huku vijana walicheza mpira, watoto waliendesha baiskeli, mtu na mkewe walikuwa wanagombana kwa kunong'ona kwenye mkeka wa jirani. Selepa akatenga sahani moja, akaiweka pembeni mwa mkeka, juu ya lami tupu. Kichwa cha samaki alikiweka humo.

"Hicho ndicho alichokipenda Temukisa," Alefaio alisema.

"Najua alichokipenda dada yangu. Kula."

Walikula. Alefaio aliona aibu kuongea na ardhi mbele ya shemeji yake, lakini aliona aibu zaidi kunyamaza. Akainamisha kichwa mpaka paji likakaribia mkeka, akasema pole pole kwamba kosa ni lake, si la mwanamke, kwamba alikuwa amemshika mgonjwa mikono miwili na akasahau. Kwamba anaomba wampishe mkewe apite. Lami ilikuwa bado na joto la mchana, ikawa kama inapumua usoni pake. Alipoinuka Selepa alikuwa anatazama kando, anajifuta macho kwa kiganja, akilalamikia moshi wa jikoni kwa watu, ingawa hapakuwa na jiko lililowashwa karibu.

"Wamesemaje?" aliuliza, lakini bila ule utani.

"Hawajasema."

Siku ya ndege kuliamka kweupe. Maji yakapanda asubuhi kuliko siku zote, kaburi likajaa nusu, na wanawake wakatoka na ndoo. Alefaio aliwaacha wakipanga zamu, akaenda kazini. Ndege ilipotangazwa kuwa imeondoka Suva, anga lilikuwa bado safi. Ilipokaribia, wingu lilikuwa limesimama juu ya bahari kuu, jeusi, upande uleule.

"Mzee," Teimana alisema kutoka ndani ya gari, "lile si wingu zuri."

"Naliona."

Akapiga cha kwanza. Nyavu zikang'olewa. Akapiga cha pili, na upepo ukageuka baridi, na tone la kwanza likamgonga mkononi. Teimana akafunga vioo. Alefaio akashuka. Mvua ikaja yote kwa mpigo mmoja. Ukumbi ukatoweka, uzio ukatoweka, watu waliosimama uzioni wakatoweka. Aliinama akielekea pale alipojua wazee wamelala. "Tulou," akasema. Juu, ngurumo za ndege zikapita, nzito, bila kuonekana, zikaenda zao hadi mwisho wa kisiwa. "Tulou," akasema tena, na safari hii hakuinuka. Alijua kwamba rubani hawezi kuzunguka milele. Alijua kuhusu kilima. Alikaa amejikunja vile, mkono ukigusa lami, mzee mzima, akilia kwa sauti kwa kuwa hakuna wa kumsikia. "Nipisheni na mke wangu. Tulou. Tulou."

Na nyuma ya bega lake la kulia, karibu kabisa, ile sauti ikasema: "Pita, mnazi."

Hakugeuka. Alimjua Selepa, bila shaka dada yake alimwambia neno lile, na alijua kwamba akigeuka angemwonea haya, naye angefanya utani ili kuficha wema. Akajinyoosha taratibu, maji yakimtiririka shingoni. Ngurumo zilikuwa zinarudi. Mvua upande wa kusini ikapasuka, na katika ule mpasuko taa mbili zikatokea chini sana, zikateremka, na magurudumu yakagusa lami mkabala na ukumbi wa mikutano.

Temukisa alizikwa alasiri ileile, kwenye kaburi lililokaushwa likabaki na unyevu tu. Selepa aliimba mbele ya wote, viganja vyake vimechubuka na gauni limejaa mchanga hadi kiunoni. Alefaio alisikia sauti ya mkewe ikimwimbia mkewe, akaona kwamba mtu anaweza kuvumilia hata hilo.

Elisala alikaa mpaka ndege iliyofuata. Alimsihi baba yake waondoke pamoja. "Hapa umebaki na nani? Bahari inaingia hadi makaburini."

"Nitafikiri," Alefaio alisema, kwa namna ambayo mwanawe aliijua kuwa ni hapana. Alimvisha taji la maua, akampeleka hadi mlangoni, kisha akarudi mbio kwenye gari lake, kwa kuwa safari hii hakumwachia Teimana kitu. Akapiga, akashuka, akainama, akasema neno lake. Ndege ikaondoka na mtoto wake, ikawa ndogo, ikawa hakuna.

Watu walianza kurudi na nyavu zao. Selepa alikuwa uzioni, mkeka kwapani, ametoka kumuaga mpwa wake, anakwenda nyumbani kwake ng'ambo. Alefaio akamwendea.

"Shemeji, sijakushukuru."

"Kwa magimbi? Yalikuwa magumu."

"Kwa lile neno. Siku ya mvua, uliponisimamia nyuma. Ningekuwa bado nimejikunja pale hadi leo."

Selepa alimtazama akingoja mwisho wa mzaha, akaona hauji. "Siku ya mvua mimi sikukanyaga huku," alisema. "Nilikuwa ndani ya kaburi. Maji yalinifika magotini, natoa kwa ndoo, wenzangu wanapokea juu. Niliisikia tu ndege. Waulize."

Alefaio alivikumbuka viganja vyake vilivyochubuka.

"Uliambiwaje?" Selepa aliuliza.

"Pita, mnazi."

"Mnazi?" Alirudia kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Nani hukuita mnazi?"

"Dada yako. Tukiwa wawili tu nyumbani."

Selepa aliitazama lami, nyeusi, bado ina unyevu wa asubuhi, vijana wakiwa wameshaanza kurushiana mpira juu yake. Aliipita hivyo tangu utotoni, kila siku, wima. Kisha akavua kandambili, akazishika pamoja na mkeka. Akaukunja mgongo, mkono wake mtupu ukakaribia ardhi.

"Tulou," alisema. "Tulou, dada."

Akavuka hivyo, ameinama, hatua kwa hatua, hadi upande wa pili.